Yule mwenye ngozi ya simba si Alexander

Sarafu za fedha za Alexander Mkuu, hasa tetradrakma (sarafu za drakma nne) zenye uzito wa gramu 17 hivi, huuzwa na kusambazwa mitandaoni kama “picha ya Alexander”. Kijana aliyejifunika kichwa kwa ngozi ya simba, jina ALEXANDROU limeandikwa upande wa pili: nani asingeamini?

Lakini huyo ni Herakles, shujaa wa hekaya za Kigiriki aliyemuua simba wa Nemea na kuvaa ngozi yake. Tazama vizuri: taya la simba liko juu ya paji la uso, na miguu yake imefungwa shingoni. Wafalme wa Makedonia, nchi ya Alexander, walidai kuwa uzao wa Herakles, na kichwa chake kilikuwa kwenye sarafu zao hata kabla Alexander hajazaliwa. Jina lile linataja tu mfalme mwenye sarafu. Upande huohuo ameketi Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, tai mkononi.

Wapo wanaosema wachongaji walimpa Herakles sura ya Alexander. Huenda katika baadhi ya karakana, ila hoja hiyo hukuzwa kupita kiasi.

Ukimtaka Alexander mwenyewe, tafuta sarafu zilizotolewa baada ya kifo chake mwaka 323 KK. Ptolemy, jemadari wake aliyekuja kutawala Misri, alimvika ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga ukiinuka juu ya paji. Lysimachus, jemadari mwingine aliyetawala Thrakia, naye alimchora na pembe ya kondoo dume ikijikunja sikioni, alama ya Amoni, mungu wa Misri.