Kukosa Jibu si Kukataliwa

Wiki hii, hapa Kampala, nimekagua tena programu ya kulipia karo na kukuta kosa lilelile: muda wa kusubiri ukiisha, programu inaandika kwamba malipo yameshindikana, kisha inatuma ombi upya. Nawasihi wenzangu tuache jambo hili. Muda kuisha hakumaanishi kwamba ombi limekataliwa. Huenda halikufika, huenda bado linashughulikiwa, au huenda limekwisha kukamilika na jibu likapotea njiani.

Katika mfumo niliowahi kuusimamia, ombi la shilingi 850,000 lilitoka saa 4:14:07 asubuhi. Sekunde 30 zikapita, programu ikakata tamaa, na saa 4:14:38 ikatuma la pili. Seva ya malipo ilikamilisha la kwanza saa 4:14:39 na la pili saa 4:15:11, sekunde tatu baada ya programu kuacha kulisubiri. Mzazi alikatwa pesa mara mbili, ilhali hifadhidata yetu ilionyesha kwamba hakulipa hata shilingi moja.

Seva hujibu kwa namba: makosa ya 400 hadi 499, kwa kawaida, hudai urekebishe ombi lako. 429 hudai usubiri. Hayo ni mepesi. Kinachoniudhi ni kushughulikia hitilafu zote kwa namna moja, kwa sababu muunganisho uliokataliwa tangu mwanzo unaweza kurudiwa bila hofu, lakini muda ulioisha baada ya ombi kuondoka hauruhusu hivyo. Kanuni za HTTP, yaani lugha ya mawasiliano kati ya programu na seva za mtandao, zinahesabu kwamba kurudia ombi la GET (kusoma), PUT (kuweka) au DELETE (kufuta) hakuongezi athari iliyokusudiwa. POST, ombi la kuwasilisha taarifa ili seva izishughulikie, haina ahadi hiyo, na malipo mengi hupita humo. Basi tengeneza namba ya kipekee ya muamala, ihifadhi kabla ya kutuma, na uitumie hiyohiyo kila unaporudia, mradi seva inaitambua. Isipoitambua, andika hali ya tatu, mbali na kufaulu na kushindikana, yaani "haijulikani", kisha uulize hali ya muamala kabla ya kugusa pesa ya mtu.

Hata hapo sina uhakika kamili. Seva ikijibu kwamba haina muamala huo, ombi la awali linaweza kuwa bado limo kwenye foleni. Mimi husubiri saa 24, kisha humkabidhi mhasibu alinganishe na taarifa ya akaunti. Hizo saa 24 nimezipata kwa mazoea, wala sina hesabu ya kuzitetea.