Kusimulia upya ni nini hasa? Tumwangalie Virginia Hamilton

Ukishika kitabu cha hadithi za watoto, kwenye kava utakuta mara kimetungwa na fulani, mara kimetafsiriwa na fulani, na mara nyingine kimesimuliwa upya na fulani. Hilo la tatu ndo watu wanalichanganya sana, wengine wanadhani ni kukopi tu hadithi ya bibi na kubandika jina lako, wengine wanadhani ni tafsiri, na yote mawili siyo. Nataka nilieleze kwa kumtumia mama mmoja wa Marekani, Virginia Hamilton, maana kwangu mimi sijaona aliyeifanya hii kazi kwa heshima kama yeye, halafu hadithi zake nyingi ni ndugu wa hadithi zetu, sungura yumo humohumo.

Kusimulia upya ni kuchukua hadithi ya watu, ambayo haina mtunzi anayejulikana, imepita mdomo kwa mdomo miaka na miaka, ukaiandika kwa maneno yako ukiacha mifupa yake palepale. Mifupa ni nani yumo, anataka nini, ananasa wapi, anatokaje. Nyama ndo yako, yaani lugha, mwendo, wapi unatulia na wapi unakimbia. Ukivunja mifupa umeshatunga hadithi nyingine, na ukichukua mpaka nyama ya mwenzio basi hapo umeiba.

Na mkusanyaji naye ni mtu mwingine. Edward Steere, yule mmisionari Mwingereza, aliandika hadithi za Zanzibar kwa Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyewe, kitabu kikatoka 1870. Ile ni kukusanya, kazi kubwa tu. Sasa anayekuja leo akachukua moja kati ya zile akaiweka sawa ili mtoto wa leo aisikie ikiwa hai, huyo ndo anasimulia upya.

Hamilton alizaliwa 1934 huko Yellow Springs, Ohio, akafariki 2002. Babu yake mzaa mama, Levi Perry, alitoroshwa utumwani kutoka jimbo la Virginia akiwa mtoto mdogo, na hilo jina la mjukuu ndo limetoka huko. Mzee akawa anawakalisha wanawe chini anawaeleza alivyofika Ohio na kwa nini ilibidi kukimbia. Kwahiyo huyu mama hakukutana na hadithi za watumwa maktaba, alizikuta nyumbani mezani. Mwaka 1975 akawa mwandishi mweusi wa kwanza kupata medali ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani, 1992 akapewa tuzo ya Hans Christian Andersen, ya kimataifa kwa waandishi wa watoto, ila mimi kinachonigusa zaidi ni kitabu chake cha 1985, The People Could Fly, yaani Watu Waliweza Kuruka, hadithi 24 za Wamarekani weusi alizozisimulia upya, picha wamechora Leo na Diane Dillon.

Tuchukue hadithi moja tuione kwa karibu. Huku kwetu wengi tumesimuliwa wanyama walivyochimba kisima wakati wa kiangazi, sungura akagoma kuchimba, halafu usiku anakuja kunywa na kuoga kabisa, mpaka kobe akajipaka ulimbo mgongoni akajificha majini, sungura kukanyaga tu, mguu umenasa, anapiga na mkono, mkono umenasa. Marekani kuna hiyohiyo, ila kobe hayupo, kuna sanamu ya lami imewekwa njiani, sungura anaisalimia haijibu, anakasirika anaipiga ngumi, ngumi inanasa, anapiga nyingine, anapiga na teke, anamaliza na kichwa. Watu walisafirishwa na minyororo wakafika bila kitu, lakini hadithi za namna hii walikuwa nazo kichwani.

Aliyeipa umaarufu kwenye maandishi ni Joel Chandler Harris, mwandishi wa magazeti wa Georgia, kitabu chake kikatoka mwishoni mwa 1880. Hadithi alizisikia kwa watumwa alipokuwa kijana, na bila yeye pengine nyingi zingepotea, hilo tumpe. Shida ni alivyozivika, mzee mweusi mpole anamhadithia mtoto wa kizungu kana kwamba enzi za utumwa zilikuwa raha, halafu matamshi ya mzee yameandikwa kwa tahajia iliyopinda kiasi kwamba hata msomaji wa Kiingereza anakwama kila mstari. Ndo maana Julius Lester, mwandishi mweusi wa Marekani, mwaka 1987 akaanza kuzisimulia upya akamtoa yule mtoto wa kizungu, mzee akabaki anaongea na sisi wote. Hamilton naye aliibakiza ladha ya usemi wa watu weusi, mdundo wake, maneno kama bruh kwa maana ya kaka, ila akaiandika kwa namna inayosomeka, mtoto anaweza kuisoma kwa sauti asijione anaigiza mtu mjinga. Mifupa ni ileile lakini nani anaheshimika ndani ya hadithi kumebadilika, na hapo ndo utajua kusimulia upya sio kazi ya kunakili.

Kitu kingine anachofanya, na mimi nakiona ndo uungwana wa kazi hii, baada ya hadithi anaweka maelezo mafupi ya asili yake na ndugu zake wa kwingine. Hajifanyi kaitunga.

Ile iliyokipa kitabu jina ndo imenikaa. Inasema kuna Waafrika walikuwa wanajua kuruka, kwenye meli za utumwa mabawa wakayavua maana palibana sana, ila uwezo ukabaki ndani yao kwa siri. Asili yake imeenea pwani ya Georgia, na mara nyingi watu huiunganisha na mwaka 1803 kwenye kisiwa cha St. Simons, Waigbo waliotoka kuuzwa walipoingia majini badala ya kwenda utumwani, wazee wa pwani ile wakabaki wanasema hapana, wale hawakuzama, waliruka wakarudi kwao. Hamilton hakuelezea historia yote hiyo ndani ya hadithi. Aliweka shamba, jua, mama anayeitwa Sarah na mtoto mgongoni, na mzee Toby anayejua maneno ya zamani.

Nilimsomea mpwa wangu wa miaka saba, kitabu ni cha Kiingereza kwahiyo nikawa nageuza hapohapo huku nasoma, na nikashtukia mwenyewe nasimulia upya. Yule mwenye mjeledi nikamwita nyapara. Mtoto mgongoni nikamfunga mbeleko. Pale mzee anaponong'ona kum yali, kum buba tambe, Hamilton ameyaacha bila tafsiri, na mimi nikayaacha hivyohivyo, mtoto akayarudia mara tatu akiwa ananyoosha mikono. Sarah akapaa na mwanae, wengine wakafuata, Toby naye akaondoka nao, na wale wasiojua kuruka wakabaki chini wanaomba kwa macho tu kwa sababu kupiga kelele wanaogopa, na muda wa kuwafundisha haukuwepo. Hapo binti akanikatisha, "Anko, sasa waliobaki walifanyaje?" Nikamwambia walisubiri nafasi yao ya kukimbia kwa miguu, na huku wanasubiri wakawa wanawahadithia watoto wao walichokiona. Akasema turudie pale mwanzo, kwenye mabawa.