Kiraka cha ubavu wa nyuma: pigana na joto kwanza

Kwenye magari ya Kimarekani ya V8 (injini ya silinda nane) ya miaka ya 1960, kama Mustang, Camaro na Charger, kutu huanzia pale matope na maji yanapotuama: chini ya madigadi ya mbele, sakafu ya buti, na hasa ukingo wa bati la ubavu unaozunguka gurudumu la nyuma. Kwa nje utaona malengelenge machache ya rangi. Kwangua, na tundu litakuwa kubwa kuliko ulivyodhani, maana kutu imelila bati kutokea ndani, pale mabati mawili yalipopandana na rangi haikufika.

Usikimbilie grenda. Mustang na Charger hazina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba gari. Ukikata sakafu au mhimili wa chini ya mlango bila kuchomelea kwanza mabomba ya kushikilia matundu ya milango, bodi hulegea na mlango haufungi tena sawasawa. Funga kila kitu, pima nafasi kati ya mlango na ubavu, ndipo ukate. Mimi hukata kidogo iwezekanavyo. Bati la asili likiwa zima halina mbadala, kwa sababu mabati mapya ya kuiga mara nyingi mikunjo yake haifuati ile ya kiwandani.

Sasa joto, unapochomelea kiraka. Bati hili lina unene wa karibu milimita 1. Ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo mmoja, chuma kinataka kupanuka lakini bati baridi pembeni linakibana, basi kinanenepa papo hapo. Kikipoa kinakuwa kifupi kuliko mwanzo na kuuvuta ubavu mzima ndani. Ndiyo maana naweka nukta moja ya kuchomelea, kisha nyingine mbali nayo, na narudi jirani pale tu mkono unapoweza kutulia juu ya bati. Nikishasaga nukta hizo, nazigonga kwa nyundo huku fuawe ndogo ya mkononi ikikinga upande wa pili, ili chuma kitanuke na kurudi mahali pake. Hatua hii wengi huiruka, kisha huficha bonde kwa pati nene, ule uji mzito wa kusawazishia bati kabla ya rangi. Inaniuma kuiona kazi hiyo.

Pati yenyewe si dhambi, ikiwa nyembamba na juu ya chuma safi.

Tahadhari moja kubwa: kwenye magari mengi ya enzi hizo, maungio ya paa na ubavu yalijazwa madini ya risasi kiwandani. Usiisage kwa grenda, vumbi lake ni sumu. Iyeyushe kwa moto mdogo, mahali penye hewa, ukiwa na barakoa ya kweli.

Rangi ikishakauka, nyunyiza nta ya kuzuia kutu ndani ya ubavu na uzibue vitundu vya kutolea maji huko chini.