Ukifika Hell's Gate, uliza mvua ilinyesha wapi

Wageni wengi wanaoingia Hell's Gate, hifadhi ya taifa pale Naivasha, Kenya, hutazama anga la hapo walipo. Likiwa jeupe, wanashuka Korongo la Ol Njorowa bila wasiwasi. Mimi kazi yangu ni miamba, na langoni huwa na swali moja: mvua ilinyesha wapi jana na leo asubuhi?

Sababu iko katika jinsi korongo lenyewe lilivyochimbwa. Ziwa Naivasha la leo halina mto unaotoka. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi zaidi, ziwa lilikuwa kubwa na lenye kina kuliko sasa, likafurikia upande wa kusini na kupitia hapa. Maji yakakata majivu ya volkano yaliyogandamana, mwamba ambao mahali pengine unaweza kuukwangua kwa ukucha. Ziwa likarudi nyuma, njia ikabaki. Mvua ikipiga vilima vya juu, maji hutafuta mfereji ule ule, nawe uko ndani yake.

Kuta zile zilizopindapinda kila mtu huzipiga picha. Wewe inua macho juu ya kichwa chako. Utaona vijiti, nyasi kavu, pengine kipande cha plastiki, vimekwama kwenye nyufa. Si nyani waliovipeleka huko. Ni maji, na kimo chake ndicho hicho. Kuna sehemu unanyoosha mikono na kugusa kuta zote mbili, na hapo hakuna pa kukimbilia. Mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012, kisha Septemba 2019 yakaua saba. Kwa hiyo usishuke bila mwongozaji wa pale pale, na akisema tutoke, toka kwanza, maswali baadaye.

Kwenye kuta kuna pia maji ya moto yanayochuruzika. Usitie kidole kabla ya kuuliza, mengine yanaunguza kwelikweli. Joto hilo hilo ndilo linalozalisha umeme kwenye mitambo ya Olkaria tangu 1981. Wapo wanaolalamika kwamba mabomba ya mvuke yameharibu mandhari. Mimi binafsi hayanikeri, maana moto uliotengeneza hifadhi hii bado unafanya kazi.

Juu ya korongo mambo ni mepesi. Hifadhi ilianzishwa 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na kwa kuwa tembo hawapo unaruhusiwa kuizunguka kwa baiskeli. Utapishana na pundamilia, ngiri, kongoni, swala, na twiga wakikutazama tu. Wa kuogopwa ni nyati: ukimwona karibu na njia, simama mbali umpishe, hata kama amekaa kama ng'ombe wa nyumbani. Chakula kifiche nyani wasikione.

Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa mita 25 hivi, ni zaha (lava) iliyogandia kwenye koo la volkano; sehemu laini ya nje ikamomonyoka, ngumu ikasalia. Pimbi huota jua kwenye nyufa zake asubuhi. Kwenye magenge ya jirani tafuta madoa meupe ya kinyesi: hapo ndipo tumbusi wanapotaga.

Wakati wa masika mimi huwaambia watu wakodi baiskeli, wazunguke mapema kabla ya mvua ya alasiri, na korongo waliache hadi kiangazi.