Vidole vya ajuza havitokani na kunywa maji

Mtoto akikaa sana baharini pale Nyali au Likoni hutoka na vidole vya ajuza, vimekunjamana, na hakosi mtu mzima wa kumwambia: "Ngozi ishakunywa maji hiyo." Wengine wetu tuliambiwa hadi darasani kwamba ni osmosisi.

Osmosisi ipo, ila hapa inasingiziwa. Maji hupenya utando wa seli yakifuata upande wenye chumvi nyingi. Lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Majimaji ya mwili yana kama gramu 9. Kwa hesabu hiyo bahari ndiyo ingezinyonya seli. Tazama ndimu za achari: ukizitia chumvi na kuzianika, chupa hujaa maji yaliyotoka ndani ya ndimu zenyewe. Samaki wa ng'onda naye hukaushwa kwa njia iyo hiyo.

Kinachokunja vidole ni neva, yaani mishipa ya fahamu. Vikilowa, neva huamuru mishipa midogo ya damu ijibane, nyama ya ndani hupungua, na ngozi iliyo juu hulegea ikafanya mikunjo. Mwaka 1936 madaktari Lewis na Pickering wa Uingereza waliandika kwamba vidole ambavyo neva yake imeharibika havikunjamani hata vikilowekwa. (Ingekuwa ni kunywa maji, navyo si vingekunywa?)

Ngozi ya juu hunyonya maji kidogo, sikatai. Tena loweka mkono mmoja kwenye beseni la maji matamu ya vuguvugu na mwingine kwenye maji ya bahari ya vuguvugu hilo hilo: wa beseni la maji matamu ndio hutangulia kukunjamana. Ila amri ya kukunjamana bado ni ya neva.