Mbu, bakteria wake na virusi vya bakteria hao: maswali na majibu

Mbu anahitaji bakteria wa nini?
Ili akue. Kiluwiluwi wa Aedes aegypti, mbu anayeeneza dengi, akitotolewa pasipo bakteria hai kwa kawaida hudumaa na kufa kabla ya kuwa mbu. Anapofika hatua ya pupa, kati ya kiluwiluwi na mbu mzima, utumbo hujengwa upya na bakteria wengi wa tumboni hutoweka.

Wapo wanaobaki?
Wapo, katika baadhi ya aina za mbu. Bakteria waitwao Wolbachia huishi ndani ya seli zenyewe, na mama huwarithisha wanawe kupitia yai. Watafiti Hertig na Wolbach waliwaona mwaka 1924 ndani ya mbu wa Culex pipiens.

Na dume?
Hawarithishi, lakini ndiye anayewaeneza, na hapa ndipo ninapostaajabu kila mara. Dume mwenye Wolbachia akijamiiana na jike asiye nao, mayai hayaanguliwi. Jike mwenye Wolbachia wa aina ileile huzaa kama kawaida. Basi majike wasio nao huzidi kupungua, na wenye nao hushamiri.

Kwa miaka mingi sifa hiyo walipewa bakteria peke yao. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba jeni zinazohusika, cifA na cifB, zimo katika sehemu ya kirusi kiitwacho WO, kilichojipachika ndani ya DNA ya Wolbachia. Silaha ni ya kirusi, bakteria ni mbebaji!

Kirusi hicho kinaweza kuniambukiza?
Hapana. WO huingia ndani ya bakteria tu. Usikichanganye na kirusi cha dengi.

Mgonjwa wa dengi ananufaikaje?
Kwa asili, Aedes aegypti hana Wolbachia. Wanasayansi walimpandikizia wale wa inzi wa matunda, na ndani ya mbu huyo kirusi cha dengi hushindwa kuzaliana vizuri. Mbu hao waliachiliwa Cairns, Australia, mwaka 2011. Huko Yogyakarta, Indonesia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha dengi ikipungua kwa asilimia 77, na kulazwa hospitalini kwa asilimia 86. Kwangu mimi hizo ni habari njema kweli.

Basi niache kufunika mapipa ya maji?
Usiache. Aina ya Wolbachia iliyotumika huko, wMel, haivumilii joto: viluwiluwi wakikulia kwenye maji yanayofika nyuzi 37 mchana, Wolbachia hupungua sana mwilini mwao. Na maji yaliyofunikwa vizuri hayapati mayai ya mbu yeyote, awe na Wolbachia au asiwe nao.