Ile wimbo ya taratibu, uiache chini

Kuko batu banafika mu studio yangu hapa Kadutu na flashi mkononi, album imeisha, na neno ni ileile tu: "Kaka, weka nyimbo zote volimi moja." Sibacheki, juu mimi pia nilianzaga hivyo.

Kwaya moja ya hapa Bukavu iliniletea nyimbo kumi. Moja ya maombi, mama mmoja na gitaa basi, zingine za kucheza, batri (ngoma za bendi), bezi, sebene ndefu (kile kipande ya gitaa ya kucheza). Nikafungua mita ya LUFS, kipimo ya ukubwa wa sauti vile sikio inasikia, nikapeleka zote kumi ku -14, sawasawa mpaka desimali, nikajiona fundi kweli kweli. Tukakaa na mzee wa kwaya kusikiliza, wimbo ya batri ikaisha, ya maombi ikaingia, mzee akashtuka ku kiti akaniangalia: "Sasa huyu mama anagombana na nani?"

Alikuwa na haki. Namba zilikuwa moja lakini mama alikuwa anaimba kama ameingia ndani ya kichwa yako. Juu mu sebene ile -14 bengi njo banaibeba, gitaa tatu, bezi, batri, waimbaji, kila mtu na kipande yake, lakini kwa maombi mama anaibeba karibu yote peke yake. Na sikio ya mtu inafuata mwimbaji kwanza, hesabu ya jumla haiijui.

Mita yenyewe siitukani. Ile njia ya kupima ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) iliitoa 2006, inaitwa BS.1770, ku LUFS haiangalie kilele, pale sauti inaruka juu kabisa, inatafuta wastani wa nguvu, bezi ya chini kabisa inaipunguza, sauti za juu inazipandisha kidogo, juu masikio hayasikii zote sawa (Fletcher na Munson balionyesha hiyo tangu 1933). Ukimya inauacha nje. Vizuri sana, lakini inakupa namba moja ya wimbo nzima, na rumba yetu haiko kitu kimoja! Inaanza polepole, mtu anabembeleza dakika mbili tatu, kisha sebene inalipuka na yenyewe njo inavuta namba juu, mwanzo unabaki chini kabisa, halafu unashangaa kwa nini wimbo inaonekana inaingia kama mgonjwa nyuma ya ingine wakati mita inasema ziko sawa.

Siku hizi natafuta wimbo yenye nguvu kuliko zote, naimaliza hiyo kwanza, na kitufe ya volimi ya bafle sigusi tena mpaka jioni, hata mtoto wa studio anajua. Zingine nazileta kwa masikio. Naruka sekunde ishirini huku, sekunde ishirini kule, najiuliza tu, mwimbaji amesimama mbali ileile ama amesogea? Kisha mwisho wa hii na mwanzo wa ile inayofuata. Mita naifungua nyuma, kuhakikisha tu. Ile ya maombi ilikaa vizuri ku -17.

Kushusha, nashusha faili nzima, kompresa (ile inabana sauti kubwa) siigusi. Kosa kubwa ni kusukuma gitaa na limita, ile inazuia kilele kisipite, ili ifikie batri, unaikata pumzi. Kilele naacha -1 desibeli, juu ukigeuza MP3 kinapandaga.

Vijana ba rap bananiambia Spotify itasawazisha yenyewe. Ni kweli inalenga -14, lakini mtu akisikiliza album kwa mpangilio wake inaishusha yote kwa kipimo kimoja, tofauti zako zinabaki vilevile, mbaya na nzuri. Na tusidanganyane, miziki yetu inatembea na flashi, kadi memori, WhatsApp, bafle ya Bluetooth kwa kinyozi. Huko nani atakusawazishia?

Jaribio yangu ya mwisho ni taksi, Kadutu mpaka Nguba, flashi mu radio, album toka mwanzo, mimi nyuma naangalia mkono ya shofere. Akipandisha juu ya kelele ya motere na mashimo ya barabara, sijali. Akishusha, naandika namba ya wimbo ku simu, na nikifika narudi na taksi ingine.